Uzi wa Buluu kwenye Msumari wa Nne

Uliona. Usijitie hamnazo. Siku ile king'ora kilipolia na wanaume wanne wakatoka getini mwa kiwanda cha kutia nguo rangi, wamembeba mwenzao kwenye turubai, wewe ulikuwa ng'ambo ya barabara. Uliona viatu vyake vya mpira vikining'inia. Uliona shati lake la kazi, lililoingia jeusi asubuhi, limepauka kama karatasi. Ukatazama saa yako, ukageuza shingo.

Kesho yake ukasoma gazetini kwamba mpimaji wa kiwanda ameshindwa kutofautisha maneno mawili ya Kiingereza na mwenzake amekufa. Ukacheka. Sema kweli, ulicheka. Ukasema hawa watu hawasomi, ukafungua ukurasa wa mpira. Yaliyofuata yalitendeka mchana kweupe, mbele ya macho yako, na wewe umevaa miwani ya mbao.

Inspekta hakucheka. Habari ile ilifika gazetini kabla ripoti ya daktari haijafika mezani kwake, na katika miaka kumi na sita ya kazi alikuwa amejifunza kuiogopa habari yenye haraka kuliko daktari. Siku ya nne, saa tatu asubuhi, alimketisha mshtakiwa mbele yake katika chumba cha mahojiano. Kesi ingesomwa saa nane mchana.

Kazini walimwita Mama Mizani. Alikuwa amesimama kwenye mizani ya chumba cha kupimia miaka kumi na tisa, na vidole vyake vilikuwa na rangi ambayo haitoki tena, ya zambarau kwenye kucha na ya kutu kwenye mikunjo.

"Wakili wa kampuni alikuja jana," alisema. "Ameniletea karatasi. Nikikiri kwamba nilichanganya maneno, nafungwa mwaka mmoja. Nisipokiri, miaka saba."

"Umetia saini?"

"Bado. Mwanangu wa mwisho ana miaka sita, afande. Mwaka mmoja atanikumbuka. Saba hatanikumbuka."

Inspekta akafungua faili, akatoa karatasi ya mtihani wa darasa la usalama la kiwanda. Ilikuwa na orodha ya maneno ya Kiingereza yaliyopangwa mawili mawili, yanayofanana kama watoto wa tumbo moja, na mbele ya kila neno maana yake kwa mwandiko wa Mama Mizani. Chini kulikuwa na alama: kumi na tisa kwa ishirini.

"Soma hapa."

"Chloride."

"Ni nini?"

"Chumvi. Tunaitia pipani ikamatishe rangi kwenye kitambaa."

"Na hili?"

"Chlorite. Unga wa kung'arishia. Huo ukikutana na asidi unatoa moshi wa manjano. Mtu anakufa amesimama."

"Loose na lose?"

"La kwanza kulegea, la pili kupoteza. Quiet ni kimya, quite ni kabisa. Desert jangwa, dessert vitamu vya baada ya chakula." Akashusha pumzi. "Afisa Usalama wa kiwanda, aliyetufundisha, alisema mimi kiboko. Sijui mpimaji wa rangi vitamu vinamhusu nini, lakini nilijua."

Inspekta akaifunga faili taratibu. "Mama, unaona ulipojiweka? Ungekuwa hujui, ningesema kampuni haikukufundisha. Sasa unajua, tena vizuri. Pipa la nne lilikuwa na asidi tayari. Karatasi ya kazi iliagiza magunia saba ya chumvi. Ukapeleka unga wa kung'arishia, na marehemu, yule mliyemwita Mrefu, akaumwaga. Ulijua, ukapeleka. Hakimu atakuuliza kwa nini."

"Darasani nilijua. Kazini hatusomi."

"Hamsomi?"

Mama Mizani akafunga mdomo. Haikuwa hofu ya mtu anayejificha, ilikuwa ya mtu anayewaficha wengine. Inspekta aliitambua. Akafunika kalamu, akaiweka juu ya faili.

"Nikisema, wenzangu watafukuzwa," mama yule alisema mwishowe. "Tulikatazwa mwaka jana, kwa barua. Wewe nenda kaangalie msumari wa nne. Halafu muulize Shangazi. Mwambie nimesema mimi. Asipotaka, usimlazimishe."

*

Afisa Usalama alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikawa na makali. Ofisini kwake, ukuta mzima ulikuwa ubao wa maneno: safu mbili, neno na pacha wake, wino mweusi na wino mwekundu.

"Dada Inspekta, hii ni kazi yangu ya miaka miwili," alisema, akiupapasa ubao kama mtu anayempapasa farasi. "Watu wetu wakiona neno, wanaona herufi ya kwanza na ya mwisho, katikati wanabahatisha. Nikawaandalia darasa. Nikawapa mtihani. Sasa mtu akikosea, hakuna wa kusema hakuambiwa."

"Kwa hiyo darasa lilikuwa la kuwalinda wao au la kuwalinda ninyi?"

Afisa akacheka kidogo, peke yake. "Kuna tofauti?"

"Kiwandani mna maandishi ya lugha gani?"

"Kiingereza. Ndiyo lugha ya usalama."

"Nionyeshe gunia."

Lilikuwa juu ya kabati, ndani ya mfuko wa nailoni, na kibandiko chenye tarehe ya ajali. Gunia jeupe la kilo ishirini na tano, tupu. Neno lilikuwa limechapishwa ubavuni kwa herufi kubwa, chlorite, na mtoto wa shule angelisoma. Mdomoni mwa gunia ulibaki uzi mwekundu, vipande vifupi vifupi vimeng'ang'ania kwenye matundu ya sindano.

"Tulilikuta kando ya mizani yake," Afisa alisema. "Kesi imekwisha hapo, au sivyo?"

Inspekta akalitazama gunia kwa muda mrefu. Pembeni, mdomo ulikuwa umekatwa kwa wembe au kisu kikali, mkato mmoja safi. Aliandika maneno mawili kwenye daftari: *limekatwa, nani?*

"Nitahitaji kuingia chumba cha kupimia."

"Nitakusindikiza."

"Nitakupigia simu nikipotea."

*

Chumba cha kupimia kilikuwa na mvuke kama bafu la watu kumi. Wanawake watatu walivaa glavu hadi viwikoni na barakoa zilizolowa, na miwani yao ya kazi ilikuwa na ukungu mpaka macho hayakuonekana. Magunia yalipangwa kufika darini, migongo ndani, midomo nje. Inspekta alisimama mlangoni akijaribu kusoma neno lolote kwenye gunia lolote. Hakuona hata moja. Maandishi yote yalikuwa ubavuni, yamelaliwa na gunia jirani. Kilichoonekana ni mistari ya nyuzi tu: buluu, nyekundu, kijani, nyeusi.

Mkubwa wao alikuwa mwembamba, mwenye sauti nene kuliko umbo lake.

"Wewe ndiye uliyemfungia mwenzetu?"

"Mimi ndiye ninayejaribu kumfungulia, Shangazi. Amenituma kwako. Amesema niangalie msumari wa nne."

Mikono ya Shangazi ikasimama. Wale wengine wawili wakaangalia sakafu.

"Amesema yeye mwenyewe?"

"Yeye. Na amesema usipotaka, nisikulazimishe."

"Mjinga yule," alisema Shangazi, na ilikuwa wazi kwamba anampenda. "Funga mlango, binti. Hapana, si wewe afande, namwambia huyu. Wewe sogea hapa. Fungua gunia hilo."

Inspekta akalishika gunia la chumvi, akavuta uzi wa buluu. Haukutoka. Akavuta upande wa pili. Ukakaza.

"Umesoma mpaka chuo, gunia limekushinda," Shangazi alisema, na wenzake wakacheka chini ya barakoa. Akashika ncha moja, akaizungusha kidole, akavuta. Mshono wote ukafumuka kwa mkupuo mmoja, trrr, uzi mzima ukabaki mkononi mwake bila kukatika. "Hapa hakuna anayekata. Ukikata, vipande vinaingia pipani, vinachafua kitambaa, unakatwa mshahara. Miaka yote hii sijaona kisu chumba hiki."

Inspekta akakumbuka ule mkato mmoja safi. Aliyelifungua lile gunia la ofisini hajawahi kufanya kazi humu.

"Na uzi ukishautoa?"

Shangazi akamwonyesha ukutani. Kulikuwa na misumari sita, kila mmoja chini ya namba ya pipa. "Ukifungua gunia, uzi unauning'iniza kwenye msumari wa pipa unalolihudumia. Buluu chumvi, nyekundu unga wa kung'arishia, kijani magadi, nyeusi rangi zenyewe. Zamu ikibadilika, mwenzako anahesabu nyuzi, anajua pipa limekula nini. Tulirithi kwa waliotutangulia. Huyo kijana wa ubao akatuandikia barua, tuache ushamba, tusome. Tusome nini kwenye ukungu huu? Tunaenda darasani kwake, tunafaulu, tunarudi kwenye nyuzi zetu. Kila asubuhi tunafyeka misumari kabla hajapita."

"Msumari wa nne mmeufyeka?"

"Saa ile hatukuugusa. Nani angekuwa na mkono wa kuugusa?" Akatoa bahasha iliyofichwa nyuma ya boksi la glavu. "Jioni tukazivua nyuzi, tukaziweka hivi hivi. Hesabu."

Inspekta akazimwaga nyuzi mezani. Saba. Zote buluu.

Hakukuwa na nyekundu hata moja.

Kwa hiyo mpimaji hakuchanganya kitu. Alifungua magunia saba yenye dalili ya chumvi, kama alivyofungua kila siku. Lakini Mrefu alikuwa amekufa kwa moshi wa unga wa kung'arishia, daktari amethibitisha, na uzi hauui mtu. Inspekta akazinyoosha zile nyuzi moja moja, akazilaza sambamba kwenye meza kavu karibu na dirisha. Nyuzi tano zilikuwa nyembamba, laini, zimejikunja kunja sawasawa kama nywele zilizosukwa zikafumuliwa. Mbili zilikuwa nene, zimepakwa nta, na kila moja ilikuwa na fundo mwishoni.

"Shangazi, kiwanda cha chumvi kinafunga fundo?"

Shangazi akavua miwani, akainama.

"Mashine haifungi fundo," alisema polepole. "Fundo ni la mkono. Haya ni mafundo ya mzee wa stoo."

*

Mzee wa stoo, mshona magunia, alikuwa na banda lake nyuma ya ghala, kigoda, sindano ndefu iliyopinda na kopo la nta. Kazi yake ilikuwa kushona magunia yaliyoraruka. Inspekta alipoziweka zile nyuzi mbili juu ya goti lake, mzee hakuuliza ni za nini.

"Nilijua zitakuja," alisema. "Nimekaa siku nne nazingoja. Silali."

"Niambie, mzee wangu."

"Foko, ile gari ya kunyanyulia mizigo, ilitoboa magunia ya unga wa kung'arishia. Ishirini. Dereva alikuwa amefanya zamu mbili mfululizo, nani atamlaumu. Unga ukamwagika. Afisa akaja mbio, akasema wakaguzi wa bima wanakuja kesho, usionekane sakafuni. Zoeni, tieni kwenye magunia yoyote matupu. Matupu yaliyokuwepo yalikuwa ya chumvi. Nikamwambia, bwana mdogo, magunia haya yameandikwa chumvi. Akaniambia, mzee, wewe unajua kusoma tangu lini?"

"Ukashona."

"Nikashona." Akaitazama mikono yake kana kwamba imekaa mapajani kwa bahati mbaya. "Sindano ilikuwa na uzi wa buluu. Gunia la chumvi, uzi wa buluu, mkono wangu umezoea hivyo miaka ishirini na mitano. Sikufikiri, mwanangu. Nilifuata gunia, sikufuata kilichomo. Afisa alisema yatarudishwa kwa muuzaji wiki hiyo hiyo. Nikayaweka nyuma kabisa. Sijui nani aliyasogeza mbele. Basi mimi ndiye niliyemuua Mrefu."

"Ulimwambia nani baada ya ajali?"

"Nilimwendea Afisa. Akafunga mlango. Akasema nikifungua mdomo, nitafungwa mimi, na yule mama atafungwa vilevile. Akasema kuna gunia ofisini kwake linalosema ukweli wote kwa Kiingereza."

Inspekta akapiga hesabu kimya kimya, kipande kwa kipande. Gunia la ofisini lilichukuliwa zima stoo, likakatwa na mtu asiyejua kuvuta uzi, likawekwa kibandiko. Mtihani ulionyesha kwamba mama anajua maneno. Gunia likaonyesha kwamba hakuyatazama. Vilikaa pamoja vizuri mno. Ila magunia mawili yaliyomwagwa pipani yalikuwa yameandikwa chumvi. Mtu angeweza kusoma vizuri kuliko profesa, akasoma kila herufi, akaua vilevile. Darasa lote lile, safu mbili za maneno, wino mweusi na wino mwekundu, lilikuwa limejengwa ili siku kama hii ikifika, wa kulaumiwa awe tayari na alama zake kumi na tisa mkononi.

"Ishirini yalishonwa," alisema. "Mawili yalikwenda pipa la nne. Kumi na nane yako wapi?"

Mzee akainua sindano, akaielekeza dirishani.

Uani lori lilikuwa limerudi kinyumenyume mpaka kwenye ngazi ya ghala. Vibarua wanne walikuwa wakipakia. Magunia meupe, midomo ya buluu. Inspekta alihesabu yaliyokwisha kupanda: kumi na moja.

Saa ilikuwa sita na dakika arobaini.

Akapiga simu kituoni. Mkuu wake alipokea kwa sauti ya mtu anayetafuna.

"Nahitaji hati ya kuzuia lori, mkuu. Sasa hivi."

"Hati inasainiwa na hakimu, na hakimu anajiandaa kwa kesi yako ya saa nane. Utaipata jioni."

"Jioni magunia yatakuwa mtoni."

"Magunia gani tena? Si mna gunia? Si mna mtihani?" Akameza. "Inspekta, usinitafutie maneno na watu wakubwa." Simu ikakatika.

Akatoka bandani. Afisa Usalama alikuwa tayari uani, ubao mdogo wa karatasi kwapani.

"Dada Inspekta, umepotea kweli. Geti liko kule."

"Lori hili linakwenda wapi?"

"Taka. Bidhaa iliyoharibika. Una hati?"

"Fungua gunia moja mbele yangu."

"Una hati?" Tabasamu lilikuwa bado mdomoni, lakini kwenye macho lilikwisha kuondoka. "Bila hati, hii ni mali ya kampuni na wewe ni mgeni uani kwetu. Dereva! Washa."

Injini ikaguruma. Vibarua wakatupa gunia la kumi na nane, wakafunga mlango wa nyuma, wakarudi pembeni wakifuta mikono kwenye suruali, hawamtazami mtu.

Inspekta akaenda akasimama mbele ya lori. Hakuwa na bunduki. Alikuwa na bahasha ya nyuzi na daftari. Chuma cha mbele kilikuwa kimo cha kifua chake, na joto la injini lilimpiga usoni. Dereva akapiga honi. Akapiga tena, ndefu. Lori likasogea hatua moja, likasimama. Likasogea nusu nyingine.

"Mama, toka!" dereva alipiga kelele. "Mimi nimetumwa tu!"

"Na aliyeshona alitumwa! Na aliyepima alitumwa!" Inspekta alijibu. "Kanyaga basi, useme ulitumwa!"

Juu, madirisha ya kiwanda yalijaa vichwa. Zamu nzima. Barakoa zimeshushwa shingoni, mikono imekunjwa. Walikuwa wamesikia kila neno. Hakuna aliyepiga kelele wala aliyeshuka. Wameona mengi kutoka kwenye madirisha yale, na kila mara wamerudi kazini.

Mlango wa banda ukafunguka. Mzee mshona magunia akatoka, anachechemea, sindano bado mkononi. Afisa akamwambia kitu kwa sauti ya chini. Mzee akampita kama anayepita nguzo. Akafika mbele ya lori, akageuka, akasimama bega kwa bega na Inspekta, upande wa kulia.

"Niandikie maneno yangu, mwanangu," alisema. "Kwa lugha yangu. Nitatia saini hapa hapa, juu ya boneti."

Kisha kwenye ngazi zikasikika hatua nyingine, na sauti nene ikimtukana Afisa na ubao wake. Shangazi. Peke yake.

Watu watatu hawazibi upana wa lori. Dereva ameuona ule uwazi wa kushoto, ameanza kukata usukani. Mle nyuma kuna magunia kumi na nane, na hakuna kitu kingine chini ya jua kinachoweza kumtoa mama yule kwenye ile karatasi ya mwaka mmoja. Upande wa kushoto pako wazi, upana wa mtu mmoja. Wewe uliye dirishani, shuka; na wewe uliyekuwa ng'ambo ya barabara, uliyegeuza shingo, unayesoma haya kwa raha, vuka. Sasa. Acha uzi, acha mizani, acha saa yako. Njoo usimame hapa.

Geti linafunguliwa. Njoo!